Usiizike televisheni ambayo ingali inazungumza

Kuna wakati dawa ya televisheni ilikuwa kofi. Picha ikianza kupanda na kushuka, ama mistari ikiutembea uso wa msomaji wa habari, baba mwenye nyumba aliinuka kitini, akaipiga televisheni kofi moja la ubavuni, na mambo yakatulia. Kofi lisipofaa, mtoto alitumwa nje kuuzungusha mlingoti wa eriali huku wenziwe wakimpigia kelele kutoka dirishani: "Hapo hapo! Rudisha kidogo! Umepitiliza!"

Televisheni za siku hizi hazina ubavu wa kupigwa. Ni bapa kama sinia, na anayeipiga kofi ataivunja. Kwa hivyo zinapougua, watu wengi huduwaa wasijue la kufanya. Kioo huwa cheusi ghafla katikati ya taarifa ya habari, sauti ikaendelea kusikika, na watu wa nyumba hiyo wakabaki kutazamana. Kesho yake chombo hufunikwa kitambaa na kusukumwa pembeni. Mwezi ukipita, mnunuzi wa vyombo vibovu akitokea na mkokoteni wake, huuzwa kwa bei ya kuku.

Jambo la kusikitisha ni kwamba chombo hicho kilichouzwa kwa bei ya kuku aghalabu hakikuwa kimekufa. Yaelekea kilikuwa na kitaa kimoja kilichoungua mgongoni, kitaa kidogo kuliko punje ya mahindi. Mnunuzi hukipeleka kwa fundi, fundi akakitengeneza kwa saa chache, na kikauzwa tena kwa faida nono. Faida hiyo, ndugu msomaji, ilikuwa mali yako.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Makala haya yana nia ya kueleza jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kuipima televisheni yake, akajua kiungo gani kinachougua, akajua lipi aweza kulifanya kwa mikono yake, na zaidi ya yote akajua mkono wake ukome wapi.

CHOMBO KILIVYOINGIA NYUMBANI

Televisheni ilianza kuonyeshwa nchini Kenya mwaka 1962, mitambo yake ikiwa upande wa Limuru. Siku hizo kilikuwa chombo cha wachache. Hata baada ya shirika la utangazaji kuitwa Sauti ya Kenya mwaka 1964, nyumba yenye televisheni ilikuwa kama baraza ya mtaa mzima. Watoto waliketi sakafuni, wakubwa wakakaa vitini, na waliochelewa wakasimama dirishani. Michezo kama Vitimbi na Vioja Mahakamani ilichekwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na televisheni zao wenyewe.

Huko mashambani ambako stima haikuwa imefika, kulikuwa na zile ndogo za nyeusi na nyeupe zilizotumia betri ya gari. Betri ilipoisha nguvu ilifungwa nyuma ya baiskeli, ikapelekwa sokoni kutiwa chaji, na jioni hiyo jamaa wakalala mapema.

Mwaka 2015 matangazo ya analogi yalizimwa nchini na nafasi yake ikachukuliwa na ya dijitali. Wengine walinunua ving'amuzi na kuendelea na televisheni zao za kisogo. Wengine waliona heri wanunue bapa moja kwa moja. Leo hii televisheni bapa imetundikwa katika kinyozi, katika hoteli ya chai, katika matatu na katika chumba kimoja cha kupanga.

Lakini chombo kilipobadilika, maarifa ya watumiaji hayakubadilika nacho. Tulijua kwamba ile ya zamani ikizimika huenda ni fyuzi, ama waya wa eriali umekatika. Hii mpya tunaijua kwa sura tu. Ndiyo sababu ikipofuka tunasema imekufa.

MAUNGO YAKE NI MATANO

Ukiifungua televisheni bapa utashangaa kuona jinsi ndani palivyo patupu. Kuna vitu vitano tu vya kukumbuka.

Cha kwanza ni kioo chenyewe, ambacho mafundi hukiita paneli. Ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, na katikati yake mna fuwele za majimaji. Paneli haitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kama ya pazia lenye vijidirisha vingi sana, ambavyo katika televisheni ya HD kamili ni zaidi ya milioni 2. Vijidirisha hivyo hufunguka na kufungika, vikipitisha mwanga ama kuuzuia, na kuutia rangi nyekundu, kijani na samawati.

Cha pili ni taa za nyuma. Hizi ndizo zinazotoa mwanga unaopita katika paneli na kuyafikia macho yetu. Katika televisheni bapa za mwanzo zilikuwa mirija myembamba mfano wa taa ndefu za dukani. Kuanzia miaka ya 2010 mirija hiyo iliachwa, zikashika taa za LED, ambazo ni vitaa vidogo vilivyopangwa kwenye vipande virefu vya bati.

Cha tatu ni bodi ya stima. Hii hupokea stima ya volti 240 kutoka ukutani na kuipunguza iwe volti chache zinazofaa vyombo vya ndani. Aghalabu ndiyo pia inayozilisha zile taa za nyuma.

Cha nne ni bodi kuu, ambayo ndiyo ubongo. Hapo ndipo panapochomekwa waya wa king'amuzi, wa eriali na wa vyombo vingine. Katika televisheni ndogo na za bei nafuu, bodi kuu na bodi ya stima huwa kitu kimoja.

Cha tano ni kijibodi ambacho mafundi hukiita T-con. Huyu ni tarishi. Huchukua picha kutoka bodi kuu na kuigawanya kwa paneli kupitia tepe nyembamba za nyaya.

Hebu tulishike vizuri hili la kwamba paneli haitoi mwanga wake. Taa za nyuma zikifa, picha ingali pale pale kiooni, ila imo gizani. Ni sawa na mtu aliyeketi chumbani usiku, taa ikazimika. Mtu hajaondoka. Ni wewe tu usiyemwona.

KABLA YA KUSHIKA BISIBISI

Kuna televisheni nyingi zinazobebwa kwa bodaboda hadi kwa fundi zikiwa hazina ugonjwa wowote. Kwa hivyo anza na mambo mepesi.

Chomeka taa ama pasi katika soketi ile ile uone kama stima ipo. Kama unatumia waya wa kuunganishia wenye soketi nyingi, uache, uchomeke televisheni moja kwa moja ukutani. Tazama kama ile taa ndogo nyekundu ya mbele inawaka.

Ikiwa taa nyekundu inawaka lakini rimoti haifanyi kazi, badilisha betri. Kama bado, elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera ya simu, hasa ile ya mbele inayotumiwa kujipiga picha, kisha bonyeza kitufe. Rimoti nzima huonyesha kimulimuli katika kamera, ingawa macho matupu hayakioni. Usipokiona, mgonjwa ni rimoti. Jaribu kuiwasha televisheni kwa kitufe chake mwenyewe, ambacho mara nyingi kimefichwa chini ama nyuma.

Kama kioo kina maandishi ya kusema hakuna mawimbi, televisheni ni nzima. Ama imeelekezwa kwenye tundu lisilo na king'amuzi, ama waya umelegea, ama king'amuzi chenyewe kimezimika.

Mwisho, chomoa plagi, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishike kwa muda wa nusu dakika, kisha uiache televisheni ipumzike dakika kumi hivi kabla ya kuichomeka tena. Ubongo wa televisheni hizi ni kama wa kompyuta. Wakati mwingine hukwama, na kupumzika kukawa ndiyo dawa.

KIPIMO CHA TOCHI

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe: sauti ipo, picha hakuna. Huu ni mmoja wa magonjwa yanayozipata sana televisheni za LED, na kipimo chake hakihitaji kufungua hata skrubu moja.

Ngoja usiku uingie ama funga mapazia. Washa televisheni kwenye chaneli ambayo una hakika ina matangazo. Chukua tochi yenye nguvu, hata ile ya simu, uisogeze karibu kabisa na kioo na kuielekeza kwa mshazari. Itembeze polepole huku ukichungulia.

Ukiona nyuso za watu ama maandishi kwa mbali sana, hafifu kama kitu kilicho chini ya maji, shukuru Mungu. Paneli ni nzima. Bodi kuu ni nzima. Kilichokufa ni taa za nyuma, ama ile sehemu ya bodi inayozilisha. Hilo ni tengenezo ambalo gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya televisheni mpya.

Usipoona chochote kabisa, basi huenda tarishi hapeleki ujumbe, ama bodi kuu haitoi picha, ama paneli ndiyo iliyokufa. Hapo panahitaji fundi mwenye vipimo. Ifahamike pia kwamba kipimo cha tochi hakifai kwa televisheni za OLED, maana hizo hazina taa za nyuma. Kila nukta yake huwaka yenyewe.

Mtu atauliza: Je, yawezekanaje taa zote zife kwa siku moja? Hazifi zote. Vitaa vya LED vimeungwa kama mnyororo, stima ikipita katika hiki ndipo ifikie kile. Kimoja kikikatika, mnyororo wote hukosa stima. Isitoshe, televisheni nyingi zina ulinzi ndani yake. Zikigundua kasoro kwenye taa huzikata zote. Ndiyo maana nyingine huonyesha picha kwa sekunde moja ama mbili na papo hapo zikawa giza, ilhali sauti inaendelea.

DALILI NYINGINE NA MAANA YAKE

Kama televisheni haina hata taa nyekundu, na soketi ni nzima, lawama huiangukia bodi ya stima. Huenda fyuzi yake imekatika. Lakini fyuzi haikatiki bure. Aghalabu kuna kitu kingine kilichoungua, na fyuzi ikajitoa mhanga ili moto usienee.

Kama taa nyekundu inawaka na kuzimika, ama unasikia "ta, ta, ta" na televisheni inakawia kuwaka, wa kwanza kushukiwa ni kapasita za bodi ya stima. Hivi ni vyombo vidogo mfano wa mapipa, ambavyo kazi yake ni kutuliza stima ili isitikisike. Kapasita nzima ina kichwa tambarare. Iliyoharibika mara nyingi huvimba kichwani ama kuvuja. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, kapasita mbovu zilienea ulimwenguni katika kompyuta na vyombo vingine vya umeme. Mwaka 2012 kampuni moja kubwa ya televisheni ilikubali, baada ya kushtakiwa Marekani, kugharamia matengenezo ya televisheni zilizokuwa na ugonjwa huu. Kapasita ni kitu cha bei ndogo mno. Kwa kapasita chache za aina hiyo, televisheni ngapi zilitupwa!

Ukiona doa jeupe linalong'aa kama mwezi mahali pamoja kiooni, ni lenzi ya kitaa iliyobanduka. Lenzi hizo ni vikombe vya plastiki vilivyobandikwa kwa gundi juu ya kila kitaa ili kuutawanya mwanga. Joto la miaka mingi huichosha gundi.

Nusu ya kioo ikiwa na picha na nusu haina, ama rangi zikigeuka kama picha iliyochorwa, yawezekana ni T-con ama utepe wake uliolegea ama kushika kutu. Watu wa pwani wanaijua vyema kutu hii ya hewa ya chumvi. Fundi akiuchomoa utepe, akausafisha na kuurudisha, mara nyingine mambo hutengemaa.

Lakini mstari mmoja mwembamba uliosimama kutoka juu hadi chini, usiotoka wala kubadilika, kwa kawaida ni ugonjwa wa paneli yenyewe. Na kioo kikipasuka kwa mpira wa watoto ama kwa kuanguka, hapo hakuna haja ya kujidanganya. Paneli mpya peke yake huenda ikakaribia bei ya televisheni nzima. Televisheni ya namna hiyo ndiyo ya kuuzwa, kwa sababu bodi zake zitawafaa wengine.

MKONO UKOME WAPI

Hapa nataka tuelewane vizuri. Yote niliyoyaeleza mpaka sasa hufanywa ukiwa nje ya chombo. Mwenye nyumba asiyekuwa na ujuzi wa umeme aishie hapo, na haoni haya kuishia hapo.

Sababu ni hii. Stima ya volti 240 ikishaingia katika bodi na kunyooshwa, hufikia takriban volti 340. Nguvu hiyo huhifadhiwa katika kapasita moja kubwa. Kuchomoa plagi hakuiondoi mara moja. Mtu aweza kuichomoa televisheni, akaifungua akiamini ni salama, na akapigwa na stima ambayo haitoki ukutani bali imelala mle ndani. Katika zile za mirija ya zamani, volti za kuwashia taa hupita 1,000. Fundi mwenye akili hupima kwanza kwa mita, na kapasita ikiwa na nguvu huiondoa kwa njia ya taratibu, wala haigusanishi kwa bisibisi cheche zikaruka.

Kuna na hila moja mbaya iliyozoeleka mitaani: fyuzi ikikatika, mtu huchukua uzi wa waya na kuunga mahali pake. Televisheni huenda ikawaka, na mwenyewe akajiona mjanja. Kumbe amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi. Siku kasoro ile iliyoikata fyuzi itakaporudi, hakuna tena cha kuizuia isiwashe moto. Fyuzi hubadilishwa kwa fyuzi ya kipimo kile kile, na baada tu ya kujua ni nini kilichoikata.

JINSI TAA ZINAVYOBADILISHWA

Kwa vijana wanaojifunza ufundi, na kwa mteja anayetaka kujua analipia kazi gani, hebu tueleze kwa ufupi.

Televisheni iliyochomolewa hulazwa kifudifudi juu ya blanketi, kwenye meza iliyo pana kuliko yenyewe. Skrubu za mgongoni hufunguliwa na kupangwa kwa utaratibu, maana nyingine ni fupi na nyingine ni ndefu, na skrubu ndefu ikirudishwa pasipo pake yaweza kutoboa kioo. Kabla ya kuchomoa waya wowote, fundi hupiga picha kwa simu ili akumbuke kila mmoja ulikotoka.

Ili kuzifikia taa, hapana budi paneli itolewe. Hii ndiyo sehemu iliyovunja mioyo ya wengi. Paneli ni nyembamba kama kioo cha fremu ya picha, na pembeni yake mna tepe za nyaya laini mno. Ikipindwa kidogo hupasuka, na tepe zikivutwa hung'oka. Katika televisheni kubwa paneli huinuliwa na watu wawili, nayo huwekwa mahali tambarare ambapo hapana mtoto wala paka.

Chini ya paneli mna karatasi nyeupe za plastiki zinazoulainisha mwanga. Hizi hutolewa na kurudishwa kwa mpango ule ule, upande ule ule, bila alama za vidole. Ndipo vipande vya taa vinapoonekana. Kila kitaa hupimwa, na kile kilichokufa hujulikana. Mara nyingi kina doa jeusi katikati.

Je, abadilishe kimoja ama vyote? Kubadilisha kimoja ni rahisi, lakini vingine vimefanya kazi kwa miaka ile ile na joto lile lile. Kimoja kikifa leo, jirani yake atafuata baada ya miezi. Kwa kuwa kazi kubwa ni kufungua na kufunga, ni heri kubadilisha vipande vyote kwa pamoja. Vipya viwe na nambari iliyoandikwa kwenye vile vya kale, urefu ule ule, idadi ile ile ya vitaa, na volti zile zile. Vipo vya volti 3 na vipo vya volti 6, na kwa macho hufanana. Vikichanganywa, kazi yote imekuwa bure. Fundi mwema huviwasha kwa kipimo chake na kuhakikisha kila kitaa kinawaka kabla ya kuirudisha paneli.

FUNDI NA MTEJA WAKE

Ufundi wa jua kali umeilea nchi hii kwa miaka mingi. Jijini Nairobi, mtu anayetafuta vipuri vya televisheni huelekezwa Luthuli Avenue na River Road, na miji mingine nayo ina vichochoro vyake ambako harufu ya lehemu husikika tangu asubuhi. Vijana wengi waliomo humo walijifunza kwa kuketi kando ya fundi mkubwa, wakishika tochi na kuokota skrubu, mpaka siku walipopewa bisibisi. Ni shule isiyo na kengele, lakini ni shule.

Hata hivyo, hakuna kazi isiyo na wajanja wake. Kuna anayetaja bei kabla ya kufungua. Kuna anayesema bodi kuu imekufa, kumbe ni kitaa. Kuna hata anayetoa kipande kizima na kurudisha kibovu. Mteja asiyejua lolote hana ngao mbele ya mtu kama huyo.

Ile tochi yako ndiyo ngao. Unapofika kwa fundi usiseme, "Televisheni imeharibika." Sema, "Bwana fundi, sauti ipo, na nikimulika kwa tochi naiona picha. Nadhani ni taa za nyuma." Fundi mwaminifu atafurahi kupata mteja mwenye maelezo, maana umempunguzia kazi. Mjanja atajua kwamba huyu si wa kuchezewa.

Zaidi ya hayo, andika nambari iliyo mgongoni mwa televisheni kabla ya kuiacha. Pateni bei kwa maneno yaliyo wazi, vipuri mbali na ujira mbali. Omba upewe vipuri vya zamani vilivyotolewa. Ulizia ni muda gani atasimama na kazi yake endapo ugonjwa utarudi. Na ukiridhika, mlipe bila kumvutavuta. Fundi anayepunjwa hujifunza kupunja.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Kinachoziua taa za nyuma upesi ni joto, na joto huletwa na mwanga mkali. Televisheni nyingi hutoka dukani mwanga wake ukiwa umepandishwa juu kabisa ili ing'ae mbele ya wanunuzi. Nyumbani hapahitaji ukali huo. Ingia katika mipango ya picha, utafute mwanga wa taa za nyuma, uushushe hadi kati ya nusu na robo tatu. Macho yatazoea kwa siku mbili, na taa zitaishi zaidi.

Adui wa pili ni stima yenyewe. Agosti 25, 2023 stima ilipokatika karibu kote nchini, nyumba nyingi zilibaki gizani kwa saa nyingi. Katika siku kama hiyo, na hata stima ya mtaa inapopotea kwa dakika chache, desturi njema ni kuchomoa plagi ya televisheni na kungoja stima irudi na kutulia kabla ya kuichomeka. Kifaa cha kukinga mshtuko wa stima, chenye kuchelewesha umeme kwa dakika kadhaa, hufanya kazi hiyo kwa niaba ya aliyesahau. Radi nayo ikinguruma, chomoa plagi na waya wa eriali pia.

Adui wa tatu ana miguu minne. Mjusi kafiri hupenda joto la nyuma ya televisheni, huingia kupitia vitundu vya hewa, na akigusa mahali pabaya kwenye bodi hufa yeye na bodi pamoja. Mende nao hufanya makao humo. Usizibe vitundu kwa kitambaa, maana hewa nayo yahitajika. Safisha ukuta, ondoa mabaki ya chakula, na usiibandike televisheni ukutani kabisa kabisa. Kioo nacho hufutwa kwa kitambaa laini kikavu. Maji yakinyunyizwa huteremka hadi ukingo wa chini, kwenye zile tepe, na hapo huua.

Tukumbuke pia kwamba televisheni iliyotupwa haitoweki. Ile mirija ya taa za zamani ina zebaki, na lehemu ya bodi nyingi za kale ina risasi. Vikivunjwa na kuchomwa katika majaa kama lile la Dandora, sumu yake huingia katika hewa na udongo, na wa kwanza kuivuta ni watoto wanaookota vyuma. Sheria ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi wa taka inawatwika watengenezaji na waagizaji mzigo wa kushughulikia bidhaa zao zikishachakaa. Ni jambo jema. Lakini televisheni inayotengenezwa na kurudi sebuleni haihitaji kwanza jaa wala sheria.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, siku kioo kitakapokuwa cheusi nyumbani mwako, usikimbilie kwa mwenye mkokoteni, wala usikimbilie bisibisi. Sikiliza kwanza. Kama televisheni ingali inazungumza, funga mapazia, tafuta tochi, na umchungulie mgonjwa wako.